Boliti Isiyo na Mwenyewe

Nina michoro miwili mezani. Wa kwanza ni wa mhandisi wa ujenzi: msingi wa zege wa feni kubwa ya kufyonza vumbi kiwandani, nondo zimehesabiwa moja moja, ringi zimepangwa kwa milimita. Lakini penye boliti za kuishikilia feni pameandikwa, "Boliti kwa mujibu wa mtengenezaji wa mashine." Wa pili umevuka bahari pamoja na feni yenyewe, una rangi, kila beringi ina namba yake. Penye boliti zilezile pameandikwa, "Msingi na boliti zake ni juu ya mteja." Mteja ni mfanyabiashara wa unga. Muulize bei ya gunia la mahindi Kibaigwa, atakutajia bila kupepesa macho. Muulize boliti ya M24 izame kiasi gani kwenye zege, atakuangalia kama umemtukana.

Hivyo ndivyo boliti nne zinavyozaliwa yatima. Mhandisi kamsukumia mwenzake, mwenzake kamsukumia mwenye mali, na mwenye mali hajui hata kwamba kasukumiwa kitu. Atakayezilea ni fundi, Jumamosi jioni, zege limeshachanganywa na linaanza kukaza kwenye toroli, vibarua wanadai malipo yao. Fundi atachukua kipande cha nondo, atakipinda ndoano upande mmoja, atakichonga uzi upande wa pili, atakichomeka. Kazi imekwisha. Kwenye hati ya makabidhiano kutakuwa na saini tano, na hakuna hata moja iliyotiwa kwa ajili ya boliti.

Nasema huu ni uzembe, na wazembe si mafundi. Ni sisi wahandisi, tunaotembea na mihuri mfukoni. Tukiulizwa tunamnyooshea fundi kidole. Tunakiona kibanzi kwenye jicho lake, boriti iliyo kwenye letu hatuioni. Na hapa, kwa bahati mbaya, si boriti. Ni boliti.

Chuoni boriti nilifundishwa mihula minne. Niliipinda, niliikata, niliibebesha kila mzigo uliowahi kubuniwa na binadamu. Boliti ya msingi sikuisikia hata kwa saa moja. Herufi moja tu inayatenganisha maneno hayo mawili, lakini moja lina mitihani na jingine lina "utaona saiti". Watu wa pwani wana jina la kazi hii tangu enzi: kutia nanga. Sijawahi kumsikia nahodha akiuliza nanga ya jahazi ni kazi ya nani. Imefuliwa na mhunzi, imebebwa na baharia, lakini jahazi likichukuliwa na maji usiku, anayeamshwa ni nahodha.

Sasa tuingie ndani ya zege, maana huko ndiko ujinga wetu unakojificha.

Ukiivuta boliti iliyozamishwa kwenye zege mpaka kitu kishindwe, kinachoshindwa si lazima kiwe chuma. Boliti yaweza kuchomoka peke yake. Au zege lenyewe litang'oka nayo, bonge lenye umbo la faneli ya kumiminia mafuta: jembamba chini kwenye kichwa cha boliti, pana juu. Faneli hiyo ndiyo siri ya kazi nzima. Mwaka 1995 Fuchs, Eligehausen na Breen walichapisha njia ya kuipigia hesabu. Mwaka 2002 njia hiyo ikaingia kwenye kanuni ya zege ya Marekani, ACI 318, na mwaka 2018 Ulaya wakatoa kanuni yao kamili ya boliti, EN 1992-4. Si elimu ya waganga. Ni kurasa chache, na hesabu zake hazimshindi kijana wa kidato cha nne.

Ila hesabu hizo zinamkera mtu anayeamini macho yake. Chukua zege la daraja la 25 na boliti moja yenye kichwa, iliyo mbali na kila ukingo. Ikizama milimita 300, faneli yake hung'oka kwa kama tani 26. Fundi akaizamisha 150 tu kwa sababu nondo za chini zinamzuia. Unadhani umebaki na tani 13? Umebaki na 9 na ushei. Weka sasa boliti nne za kina kilekile cha 300, zikiachana milimita 200. Mwenye haraka atazidisha: 26 mara nne, zaidi ya tani 100, tulale usingizi. Lakini faneli zile nne zimelaliana, zimekuwa faneli moja iliyopanuka kidogo, na kundi lote linapata kama tani 39. Umefunga boliti nne, umepata moja na nusu. Halafu isogeze boliti hadi milimita 100 kutoka ukingoni, kama tunavyofanya kila siku ili kubana msingi na kuokoa mifuko ya saruji, na zaidi ya nusu ya nguvu yake imekwenda na upepo. Tena tarakimu hizi zote ni kabla ya kupunguza chochote kwa ajili ya usalama.

Halafu kuna ile ndoano. Saiti zetu zinaipenda ndoano kuliko chai. Fundi atakuambia inashika, kama ya kuvulia samaki. Mantiki nzuri, ila zege si mdomo wa changu. Ndoano ikivutwa hunyooka polepole na kuteleza kwenye njia yake yenyewe. Kwa kanuni ileile ya ACI, ndoano ya M24, hata ukiirefusha mpaka mwisho wa kinachokubaliwa kwenye hesabu, huchomoka kwa takriban tani 6. Chuma chake, hata kikiwa cha daraja la chini la 4.6, kilikuwa na uwezo wa kufika 14. Umelipia 14, umetumia 6. Achana na ndoano, tumia kichwa cha kawaida cha pembe sita, kile kinachokuja na boliti kutoka dukani, na utafika karibu na hizo 14. Kichwa tu! Hatuzungumzii roketi.

Na msinijie na lile suluhisho la "basi tuweke boliti kali zaidi". Msingi uliopigiwa hesabu vizuri umekusudiwa chuma kishindwe kabla ya zege, kwa sababu chuma hutoa taarifa. Hurefuka, nati hulegea, mashine huanza kugonga, mtu wa zamu anasikia na kuita. Zege halimwiti mtu, linapasuka tu. Ukitoa boliti ya daraja la 4.6 ukaweka ya 8.8 bila kuongeza kina, M24 yako sasa inaweza kuvuta tani 28 ndani ya zege linalong'oka kwa 26. Umeondoa kinachoonya, umebakiza kisichoonya. Nimewahi kuona barua ya mkandarasi anayejisifu kwa badiliko hilo kama zawadi kwa mteja, na chini yake mhandisi mshauri ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hakuna pingamizi."

Mficha uchi hazai. Mchoro wa kwanza pale mezani ni wangu.

Ilikuwa kiwanda kimoja cha unga mkoani Pwani, miaka mingi iliyopita, nami kijana mwenye kofia mpya. Yale maneno "kwa mujibu wa mtengenezaji wa mashine" niliyaandika kwa mkono huu ninaoandikia leo. Feni ilitoka bandarini miezi mitatu baada ya zege kumwagwa, na matundu ya bamba lake la chini hayakuoana na boliti. Mbili zilikosea kwa milimita 30. Nilifika saiti asubuhi nikakuta grainda inalia. Boliti mbili zimeshakatwa usawa wa zege, matundu mapya yametobolewa kando yake na kupulizwa vumbi kwa mdomo, na fundi mkuu, mzee wa makamo ya baba yangu, amechuchumaa anakoroga gundi kwa kijiti ndani ya kikopo cha rangi.

"Mzee, nani kakuruhusu?" nikafoka.

"Injinia mwanangu," akasema bila kuinua kichwa, "karatasi yako haikunikataza."

Nilinuna siku nzima. Jioni niliitazama tena karatasi, nikaona kwamba yule mzee ameisoma vizuri kuliko nilivyoiandika. Nikafanya nini? Nikaruhusu grauti imwagwe juu, ikasawazishwa, ikapakwa rangi ya kijivu. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwaka wa pili feni ikaanza kutetemeka, ukingo wa msingi ukamegeka kipande cha ukubwa wa mkate, na boliti moja ya gundi ikatoka nzima, imevaa vumbi la zege mwili mzima kama aliyetoka kuoga unga. Hakuna aliyeumia kwa sababu ilitokea saa ya chakula. Sikupata hata barua ya onyo. Waliunda kamati, kamati ikakaa, ikakuta boliti haina mwenyewe, ikaandika "mtetemo usio wa kawaida", ikanywa soda na kufunga kikao.

Gundi si dhambi, nisieleweke vibaya. Gundi nzuri, kwenye tundu lililopulizwa kwa pampu, likasuguliwa kwa brashi, likapulizwa tena jinsi mtengenezaji alivyoelekeza, hubeba mzigo wa kutisha. Lakini ina tabia ambazo wengi wetu hatuzijui kwa sababu hatusomi karatasi inayokuja ndani ya boksi. Joto huilainisha, na sisi tunaipachika jirani na matanuri. Na mbaya zaidi, gundi nyingine zikibebeshwa mzigo usiopumzika hutambaa. Hazikatiki. Zinaachia kidogo kidogo, siku kwa siku, huku wewe unapita chini yake.

Boston, Marekani, 10 Julai 2006, saa tano usiku. Mume anaendesha gari, mkewe wa miaka 38 yuko kando yake, wanaingia kwenye handaki ambalo halijatimiza hata miaka minne ya kutumika. Dari la vipande vya zege, lililoning'inizwa kwa boliti za gundi, likaachia. Tani 26 hivi za zege na vyuma. Mume alitoka hai, mke hakutoka. Wachunguzi wa taifa walipotoa ripoti mwaka uliofuata, kosa la kwanza waliloliandika ni gundi ya kukauka haraka isiyofaa kubeba mzigo wa kudumu. Kisha wakawataja wabunifu na wakandarasi ambao hawakulifikiria hilo, muuzaji aliyeshindwa kueleza bidhaa yake sawasawa, na mwenye handaki asiyekuwa na utaratibu wa kulikagua.

Sehemu inayonifanya nishindwe kumaliza chai yangu ni hii. Mwaka 1999, kabla handaki halijafunguliwa, boliti za aina hiyohiyo kwenye sehemu nyingine ya mradi uleule zilionekana zimeanza kushuka. Zilikuwa zimefaulu jaribio la kuvutwa! Wakabadilisha zilizoshuka, wakazijaribu tena kwa kuvuta, zikafaulu tena, wakaendelea na kazi. Watu wenye shahada kubwa kuliko zetu walivuta boliti kwa muda mfupi na kuamini wamejifunza habari za miaka. Baada ya msiba huo ndipo kanuni ya ACI 318 ya mwaka 2011 ilipoingiza boliti za gundi, ikadai kwamba zile za mlalo au za kuelekea juu zinazovutwa muda wote zifungwe na fundi mwenye cheti, na mkaguzi awe amesimama hapo kazi ikifanyika. Kule fundi anapewa cheti. Huku tumempa kikopo cha rangi.

Japani nako, tunakotolea mfano kila tukitaka kusifia nidhamu, handaki la Sasago lililofunguliwa mwaka 1977 liliangusha dari lake asubuhi ya 2 Desemba 2012. Kama mita 138 za dari, watu 9. Boliti za juu zilikuwa za gundi pia. Kuzigonga kwa nyundo na kusikiliza mlio wake, kipimo cha bei rahisi kuliko vyote duniani, hakukuwa kumefanyika huko juu tangu mwaka 2000. Waliangalia kwa macho, kutoka chini.

Utaniambia hayo ni mahandaki, mimi nazungumzia viwanda. Haya. Machi 1979 mamlaka ya nyuklia ya Marekani iliwaandikia wenye vinu vya umeme waraka namba 79-02, kwa sababu wabunifu walikuwa wamehesabu mabamba yanayoshikilia mabomba kana kwamba hayapindiki. Bamba jembamba hupindika, na likipindika linaing'oa boliti kama mtaimbo wa kung'olea misumari, hivyo boliti inabeba kuliko mzigo uliouona kwenye karatasi. Waliambiwa warudi kukagua, wajaribu boliti zilizokwisha kufungwa, na wahakikishe boliti za kupanuka zina uwezo mara nne ya mzigo wake, na za aina ya gamba mara tano. Vinu vya nyuklia! Watu wanaohesabu kila kitu walikuwa wamesahau boliti.

Nina ugomvi pia na wazee wenzangu wanaosema "mashine ni nzito, itajishikilia yenyewe". Mwezi Mei 2012, mkoa wa Emilia-Romagna, Italia, viwanda vingi vya zege la kuunganisha vilikuwa na boriti zilizokaa juu ya nguzo kwa uzito wake tu, bila kufungwa na chochote. Zilikaa hivyo miaka na miaka, nzito kwelikweli. Ardhi ilipotikisika tarehe 20 zilianza kuteleza, na ilipotikisika tena tarehe 29, saa tatu asubuhi, ziliwakuta wafanyakazi wakiwa wamerudi kazini. Uzito si nanga. Uzito ndio unaokuua nanga isipokuwepo.

Nasi tumekaa juu ya Bonde la Ufa tukijifanya hatulijui. Bukoba ilitikiswa 10 Septemba 2016 kwa kipimo cha 5.9, nyumba zikaanguka, watu wakafa. Tumepanga matanki Chongoleani ya mafuta ya bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, wenzetu wa Kenya wanachota mvuke Olkaria katikati ya bonde lenyewe, na kila mkoa sasa unataka eneo lake la viwanda. Vizuri, tujenge. Lakini tujifunze kwa waliokwisha kutikiswa. Wachile, waliopigwa na tetemeko la 9.5 mwaka 1960, hawafichi boliti zao. Kanuni yao ya viwanda ya mwaka 2003 ilitaka sehemu ya boliti iachwe nje ya zege, wazi, ipate urefu wa kuvutika, ionekane, ikaguliwe, ibadilishwe. Sisi tunaimwagia grauti na kuipaka rangi.

Ninachodai ni kidogo mno hata naona haya kukidai. Kila boliti inayoshikilia mashine, tanki au bomba kwenye zege iwe na karatasi yake ya hesabu: kina, umbali wa ukingo, umbali wa boliti na boliti, daraja la chuma, na kitakachoshindwa kwanza. Chini yake jina la mtu mmoja. Si kampuni, si "timu ya mradi", mtu mwenye namba ya usajili. Zege lisimwagwe mpaka mchoro wa mashine uwe umefika, na kama haujafika, feni isubiri. Imesafiri wiki nyingi baharini, haitakufa kwa kusubiri wiki mbili nyingine. Boliti zishikiliwe na kiolezo cha chuma juu ya boksi, si kwa waya na dua. Na fundi akikuta haziingii, asiguse grainda mpaka aliyetia saini aje mwenyewe, kwa miguu yake, saiti.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaweza kuyadai haya kesho ikitaka. Wakaguzi wa usalama mahali pa kazi nao wanaweza. Mkaguzi wa mwisho niliyemwona kiwandani alihesabu kofia, akahesabu viatu, akapiga picha mtungi wa kuzimia moto, akaondoka. Alikuwa amesimama kwenye bamba la mashine muda wote. Hakutazama chini. Angetazama angeona nati moja imechomelewa kwenye bamba, bila boliti yoyote chini yake, imewekwa ili hesabu ya macho itimie. Ndiyo, tumefika huko: nati za maonyesho.

Sasa nakuambia wewe mwenye kiwanda, kwa kuwa wahandisi wako wamezoea maneno yangu na hawatishiki. Kesho asubuhi kabla mashine hazijawashwa, chukua nyundo ndogo, pita msingi hadi msingi, gonga kila boliti na usikilize. Ikilia tofauti na wenzake, weka alama ya chaki. Kisha ingia ofisini, omba karatasi ya hesabu ya ile yenye chaki, na uulize ni nani aliyeitia saini. Wakianza kutazamana, usiiwashe hiyo mashine.

Na yule fundi wa kikopo cha rangi, kama bado uko hai, Mzee wangu, uniwie radhi. Karatasi ilikuwa yangu.